Kichwa cha Sherman kilichopungua karibu milimita moja

Kipande chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Ni kichwa cha kifaru cha Sherman, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, kilichosubiwa kwa rezini kwa skeli ya 1/35. Nilikinunua kwa pauni 38 pamoja na posta. Kilinifikia Southampton kikiwa kimeviringishiwa karatasi laini, na kwa siku mbili kazi yangu ikawa kukitoa, kukigeuzageuza chini ya taa na kukirudisha. Ngozi yake ilikuwa na ule ukwaruzo wa chuma kilichomiminwa, mlango wa kamanda ulikaa vizuri, na nyuma ilisomeka namba D50878, namba ya kiwandani ya vichwa vya Sherman vya mwanzo vyenye mzinga wa milimita 75. Siku ya tatu nilikiweka juu ya bodi ya plastiki, yaani kiwiliwili cha modeli, kikacheza kama kifuniko cha sufuria nyingine.

Naeleza kisa chote pamoja na vipimo vyake kwa sababu nilitumia wiki saba kutafuta kosa mahali ambapo halikuwapo, na nikaharibu kipande kizuri katika kulitafuta. Jibu lilipokuja lilitoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mtu ambaye hajawahi kujenga modeli hata moja.

Kwa nini Sherman V

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR), batalioni ya 46, ya Tanganyika, na alikwenda Bama (Burma). Batalioni hiyo ilikuwa ndani ya Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki pamoja na ya 7 ya Uganda na ya 71 ya Somalilandi. Mwanzoni mwa 1945 brigedi hiyo iliteremka bonde la Gangaw, na nyuma yake, kwa kificho, zikaja divisheni za Kihindi pamoja na Brigedi ya Vifaru ya 255. Jenerali Slim, kamanda wa jeshi la Waingereza huko, alitaka Wajapani wawaone askari wa Afrika Mashariki na waamini kwamba hakuna kikubwa kinachowafuata. Februari brigedi ikafika Seikpyu, ukingo wa magharibi wa mto Irrawaddy, ikavuta macho ya adui huko huku wenzao wakivuka upande wa juu, Nyaungu. Tarehe 21 Februari vifaru vilichomoka kutoka ng'ambo ile vikielekea Meiktila, na mji ukatekwa mwanzoni mwa Machi.

Vifaru hivyo vilikuwa Sherman V. Babu hakuwa mtu wa kusimulia vita. Kuhusu vifaru alikuwa akisema tu kwamba unavisikia kwanza, unakaa, unavuta sigara, ndipo unaviona, na vumbi lake halitui mpaka jioni. Nishani yake ya Bama iko kwa mjomba, na mimi nilitaka kuwe na kifaru kimoja cha kuweka karibu nayo. Ndiyo maana sikuwa tayari kukubali Sherman yoyote tu.

Sherman V ni jina walilolitumia Waingereza kwa M4A4, aina mojawapo ya Sherman, iliyojengwa na Chrysler kule Detroit katika 1942 na 1943, jumla 7,499. Injini yake ni ya ajabu: injini tano za gari dogo, kila moja na silinda sita, zimeunganishwa zikawa kitu kimoja chenye silinda 30. Injini hiyo haikuenea katika bodi ya kawaida, kwa hiyo bodi ikarefushwa. Mtu aliyezoea kuangalia Sherman anaijua M4A4 kwa mbali, kwa sababu magurudumu yake yamekaa kwa makundi yaliyoachana zaidi, mnyororo wa kila upande una pingili 83 badala ya 79, na nyuma ya kichwa, juu ya sehemu ya injini, kuna kibyongo kidogo cha kuipa nafasi rejeta.

Sikupata boksi, yaani modeli ya plastiki ya kujiungia mwenyewe, la Sherman V ya mzinga wa 75 kwa bei niliyoiweza. Nilichokuwa nacho ni boksi la Firefly Vc, ambayo ni M4A4 hiyohiyo iliyofungwa mzinga mrefu wa Kiingereza wa ratili 17. Bodi ni ileile, isipokuwa dirisha la bunduki la mbele limezibwa, na hilo ni rahisi kulirudisha. Kichwa ndicho tatizo. Waingereza walikitoboa nyuma wakakiongezea sanduku la redio, na juu wakakata mlango wa pili kwa ajili ya mpakia risasi. Kuziba yote hayo na kurudisha ngozi ya chuma cha kumiminwa ni kazi ya miezi. Kununua kichwa cha rezini ni kazi ya dakika tano, au ndivyo nilivyodhani.

Kipande cha rezini kina ukoo

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo, maana bila hapa kisa hakieleweki.

Modeli ya plastiki hutoka katika kalibu ya chuma ambayo gharama yake ni kubwa mno, hivyo kiwanda hutengeneza kile tu kitakachouzika kwa maelfu. Vitu vinavyotakiwa na watu mia chache huachwa. Hapo ndipo anapoingia mtu wa rezini, mara nyingi mtu mmoja na mkewe, au marafiki wawili, ndani ya gereji. Kampuni kama Verlinden ya Ubelgiji zilionyesha njia katika miaka ya 1980, na leo mafundi wa aina hii wapo kuanzia Poland na Ucheki hadi Korea na Marekani.

Fundi huanza kwa kutengeneza kipande kimoja cha asili, ambacho hapa nitakiita mama. Zamani kilichongwa kwa mkono, siku hizi wengi wanachora kwenye kompyuta na kukichapisha. Mama huwekwa ndani ya kiboksi, akamwagiwa silikoni ya maji, silikoni ikaganda, mama akatolewa, na tundu lililobaki ndiyo kalibu. Kisha huchanganywa maji mawili ya poliyurethani, yakamiminwa mle ndani, na baada ya dakika chache yamekuwa kitu kigumu. Hicho ni mtoto. Kalibu moja huzaa watoto kadhaa, kisha silikoni huanza kuchanika. Mahali rezini ilipoingilia panabaki kikonyo, kama cha embe, ambacho mnunuzi anakikata mwenyewe kwa msumeno.

Rezini ikiganda hupata joto, na ikipoa hujikunja. Silikoni nayo hujikunja. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu hupungua kidogo sana, ila ni ghali na ina ukorofi wake: ikigusana na udongo wa kufinyangia wenye salfa haigandi kabisa. Ile inayogandishwa kwa bati ni nafuu, na huendelea kupungua polepole hata baada ya kuganda. Fundi mzuri anayajua haya, na mama yake humfanya mkubwa kidogo ili mtoto atoke na kipimo cha haki.

Nilichokipima, na nilivyokosea

Kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa cha mwisho, kama ningekuwa na akili tulivu. Sherman zote zina duara moja la kuzungushia kichwa, lenye kipenyo cha inchi 69. Hiyo ni milimita 1,752.6, na ukigawanya kwa 35 unapata 50.07. Kichwa changu cha rezini kilikuwa wazi chini, duara lake likionekana lote. Kalipa, kile chombo cha kupimia vitu vidogo, ilisema 49.2 kutoka mbele kwenda nyuma, na 49.3 kutoka ubavu hadi ubavu. Kichwa cha plastiki cha boksi la Firefly kilisoma 50.1.

Upungufu wa milimita 0.87 kwenye meza ni sentimita tatu kwenye kifaru cha kweli. Mtu anaweza kusema nani ataona. Anayeona ni jicho, hata kama halijui linaona nini. Kichwa kilichopungua hukaa juu ya bodi kama kofia ya mdogo wako, na pale mbele panabaki ufa ambao kivuli huuingia.

Pamoja na namba hizo zote, nilianza kwa kulishuku plastiki. Nilikuwa nimekipenda kile kipande cha rezini, na mtu hamshuku anachokipenda. Nikajiambia kwamba duara la bodi limetanuka, nikakata ukanda mwembamba wa plastiki nikauzungusha ndani ili kichwa kisicheze. Kikatulia. Halafu nikachukua ngao ya mzinga kutoka kwenye boksi, ile pande nene ya mbele ambayo mzinga unatokea ndani yake, ikakataa kuingia. Ilizidi upana kwa karibu nusu milimita. Nikachukua msasa, nikaipunguza kushoto na kulia, mpaka ikaingia na ule mviringo wake mzuri wa kiwandani umekwisha.

Hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki, na ni kosa la mpangilio. Ukanda wa plastiki ungeweza kubanduliwa, lakini kilichosagwa kwa msasa hakirudi. Nilifanya jambo lisilorudi wakati bado sijajua nani mkubwa na nani mdogo kati ya vipande viwili.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa kitako nikapima kila kitu kinachopimika: mlango wa kamanda, tundu la bastola la ubavuni, umbali kati ya kulabu za kunyanyulia, urefu wa nyuma. Vyote nilivilinganisha na kichwa cha plastiki, ambacho duara lake lilikuwa limeshathibitishwa na namba ya kweli. Kila kimoja kilikuwa kidogo kwa asilimia kati ya 1.5 na 1.9.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwa adabu kwamba rezini zote hupungua na kwamba niongeze puti. Kwenye klabu yetu ya wajenzi wa modeli baadhi ya wenzangu walisema hivyohivyo, na mmoja akatoa wazo lililonikaa kichwani kwa muda: pengine kipande kilitengenezwa kukaa juu ya modeli ya kampuni nyingine, ambayo yenyewe ni ndogo. Jambo hili hutokea kweli. Vipande vingi vya rezini havifuati kifaru, vinafuata boksi fulani, na kosa la boksi huhamia kwenye rezini. Lakini mtu anayefuata boksi lenye kosa huwa na kosa la mahali: duara litapungua, mlango utabaki sahihi, au pua itakuwa fupi na ubavu mzima. Hapa kila kitu kilipungua kwa kiasi kilekile, hadi tarakimu za D50878. Hakuna mchongaji anayekosea kwa usawa namna hiyo. Kipande kilikuwa kimetengenezwa sahihi, kisha kikapungua chote kwa pamoja.

Bado nilikuwa natafuta sababu katika joto na unene wa rezini. Nilisoma juu ya rezini nene kupata joto zaidi na kujikunja zaidi, na hilo lilieleza vizuri ile tofauti ya 49.2 na 49.3. Halikueleza karibu asilimia mbili.

Simu ya Gerezani

Mjomba wangu anasubu sufuria. Anayeyusha alumini chakavu, anamimina kwenye kalibu za mchanga, na sufuria zake zinauzwa hadi Morogoro. Nilimpigia Jumapili moja kumsalimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kifaru cha baba kimefika wapi?"

Nikamweleza kwamba kimekwama, na kwa nini. Nilitarajia anipe pole. Badala yake akauliza swali ambalo wiki zote hizo hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

"Huyo aliyekisubu alitumia kielelezo cha nani?"

"Sijaelewa."

"Sikiliza. Hapa mtu akiona sufuria yangu inatoka, hana haja ya kuchonga kielelezo. Ananunua moja kwangu, anaizika kwenye mchanga, anaitoa, anamimina. Inatoka sufuria, ukiiangalia ni yangu kabisa, hata ile alama yangu ya chini ipo. Lakini ni ndogo. Mteja akileta kifuniko changu hakikai, anarudi kunigombeza mimi, na mimi sijamuuzia."

"Na wewe yako ya kwanza haipungui?"

"Inapungua, alumini ikipoa lazima ijikunje. Ila kielelezo changu nimekizidisha. Kila sentimita thelathini naweka milimita nne za ziada. Yeye hazidishi kitu, anazika sufuria iliyokwisha kujikunja, halafu anaikunja mara ya pili."

Milimita nne kwa sentimita thelathini ni asilimia 1.3, na hicho ndicho kiasi ambacho vitabu vya usubi hukitaja kwa alumini. Mjomba hakukipata kitabuni.

Nilikaa na simu mkononi nikiitazama namba nyuma ya kichwa. Nilikuwa nimeuliza mara nyingi kipande hiki kimepungua kiasi gani, na sikuwa nimeuliza kimepungua mara ngapi.

Alama chini ya tumbo

Usiku huo nilikigeuza kichwa chini juu nikakiangalia kwa kioo cha kukuzia, mahali ambapo mnunuzi hana sababu ya kupaangalia.

Kikonyo cha kumiminia kilikuwa upande wa nyuma. Nilikuwa bado sijakikata. Lakini upande wa mbele, kwenye ukingo wa ndani, palikuwa na sehemu bapa yenye mistari myembamba sambamba. Ni mistari ya msumeno. Pale kilikuwapo kikonyo kingine, na mtu alikikata. Ila mistari ile ilikuwa inang'aa. Rezini iliyokatwa kwa msumeno hufubaa, huwa na unga. Hii ilikuwa na ngozi laini ya kalibu juu ya kila mstari. Yaani hakuna aliyeikata rezini hii niliyoishika. Ilikatwa rezini nyingine, kabla, na kalibu ikayanakili majeraha yake kwa uaminifu uleule inavyonakili mishono ya kuchomelea.

Mtoto alinunuliwa, akakatwa kikonyo, akalazwa kwenye silikoni, akafanywa mama. Nilichokuwa nacho mkononi ni mjukuu.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa rafiki wa klabuni aliyenunua kichwa hichohicho kwa muuzaji huyohuyo miezi minne kabla yangu, na hakuwa amekifungua. Nyuma ya mlango wa kamanda, kwangu, kulikuwa na kishimo cha kiputo cha hewa, kidogo kama tundu la sindano. Kwake kilikuwapo palepale. Viputo vya hewa huja kwa bahati. Kila mimino una vyake. Vipande viwili vilivyomiminwa kwa nyakati tofauti haviwezi kuwa na kiputo kimoja isipokuwa wote wawili wamekirithi. Chini kwake, mistari ya msumeno ilikuwapo pia, mstari kwa mstari.

Ushahidi wa tatu ulikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, na unaniuma zaidi kuliko mengine. Picha ya tangazo ilionyesha mtutu wa mzinga wa alumini iliyochongwa kwa mashine. Ndani ya kiboksi changu mtutu ulikuwa wa rezini, na umepinda kidogo. Nilidhani ni kubana matumizi. Nikaunyoosha kwa maji ya moto, jinsi tunavyofanya siku zote, nikasahau. Mtutu wa chuma hauwezi kunakiliwa kwa silikoni ukabaki wa chuma. Kwa hiyo mwenye kunakili alitoa kile alichoweza.

Telford

Kila Novemba wajenzi wa modeli hukusanyika Telford kwenye maonyesho ya Scale ModelWorld. Nilikwenda na kichwa changu mfukoni. Kwa kuuliza huku na huko, na kwa kulinganisha ngozi ya chuma kwenye meza moja baada ya nyingine, nilimfikia fundi mmoja kutoka Ulaya ya Mashariki ambaye kichwa chake cha D50878 kilikuwa kimelala ndani ya kiboksi kimoja na mtutu wa alumini.

Nilimkabidhi changu bila maelezo. Hakukitazama juu. Alikigeuza moja kwa moja akatazama chini, na uso wake ukabadilika kabla sijasema neno. Kwa Kiingereza chake kifupi akaniambia kwamba hakukimimina yeye, lakini amekichonga yeye. Akanionyesha kitu ambacho nisingekijua kamwe: kwenye mshono mmoja wa kuchomelea, upande wa kulia, kisu chake kilimteleza siku alipokuwa akimtengeneza mama, akaacha mkwaruzo kwa sababu hata wachomeleaji wa kweli waliteleza. Mkwaruzo ule upo kwenye vichwa vyake vyote, na ulikuwapo kwenye changu.

Aliniruhusu nipime kimoja cha kwake palepale mezani. Milimita 49.8. Pungufu ya namba ya kweli kwa nusu asilimia, ambayo ni haki kabisa kwa kazi ya gereji, na ngao yake ya mzinga, inayokuja ndani ya boksi lake, iliingia bila msasa. Kutoka 49.8 kwenda 49.2 ni asilimia 1.2 nyingine. Kwa kizazi kimoja hiyo ni nyingi, hata kwa silikoni ya bati. Fundi alihesabu vidole viwili. Kwa maoni yake nilichokuwa nacho hakikuwa mjukuu, kilikuwa kitukuu: mtu alinakili nakala ya mtu.

Nilimuuliza mama yule alimchukua muda gani. Miezi mitatu ya usiku, alisema, baada ya kazi ya mchana, pamoja na safari ya kwenda kupima kifaru cha kweli kwenye makumbusho. Kile kipande anauza vichache kwa mwezi. Hilo nalitilia mkazo kwa sababu nimesikia watu wakisema nakala haimdhuru mtu, eti anayenunua cha bei nafuu asingenunua cha ghali. Mimi nilikuwa mnunuzi wa cha ghali. Niliachana na pauni 38 nikiamini zinakwenda kwa aliyekaa miezi mitatu na kisu, na tofauti na bei yake ilikuwa pauni nne tu. Nakala hizi haziuzwi kama nakala. Zinauzwa kwa picha ya kazi ya mwingine, na zikikataa kukaa juu ya bodi, lawama inamwendea mwenye picha. Fundi yule alinionyesha barua za watu waliomlalamikia kwa vichwa vidogo ambavyo hakuviuza, kama mjomba anavyolalamikiwa kwa sufuria.

Nilinunua cha kwake. Nilipomwandikia muuzaji wangu tena, safari hii nikiambatanisha picha za mistari ya msumeno na kile kiputo kwenye vichwa viwili, alirudisha fedha yote siku hiyohiyo bila neno hata moja. Tangazo lake, na picha ileile ya mtutu wa alumini, lilibaki.

Kilichobadilika mezani

Ujenzi wenyewe baada ya hapo hauna mengi ya kusimulia. Kipande kilioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kutenganishia, la sivyo rangi haishiki. Kikonyo nilikikata na kukisaga kwa msasa wa maji, nikiwa nimevaa barakoa, maana vumbi la rezini si la kuvuta. Nilitumia supaglue, kwa kuwa gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na rezini haiijui kabisa. Ngao niliyoiharibu haikuhitajika tena, lakini ilikuwa ya Firefly, na kabla ya msasa ilikuwa nzima. Ningeweza kumpa mtu.

Kwenye klabu, kalipa sasa iko mezani na si ndani ya mkoba wa mtu. Anayeleta kipande kipya cha rezini hukigeuza chini kwanza. Tumeandika kwenye karatasi namba chache za vifaru vya kweli ambazo hazibishaniwi, na za Sherman ni inchi 69 za duara la kichwa na inchi 16 na tisa ya kumi na sita za upana wa mnyororo, ambazo kwa 1/35 ni milimita 12 kamili. Namba mbili zinatosha kukamata mengi. Aliyepungukiwa kwa nusu asilimia tunamwacha. Aliyepungukiwa kwa zaidi ya moja tunamtafutia mistari ya msumeno. Katika vipande kumi na kimoja tulivyopima hadi sasa, viwili vingine vimeonekana kuwa na kikonyo cha zamani kilichonakiliwa.

Sherman V imekamilika. Nimeipaka kijani cha Kimarekani na juu yake vumbi jingi, kwa ajili ya babu. Picha nilimtumia mjomba, akaikuza kwenye simu mpaka kwenye kichwa na kuuliza kama kifuniko kimekaa. Nikamwambia kimekaa.

Kile kichwa cha kwanza bado ninacho. Wenzetu wakubwa kwenye klabu wameanza kututoka, na kila mmoja akifa, maboksi yake huuzwa kwa jumla kwa watu wasiojua kilichomo. Nimechukua sindano nikachora ndani, chini ya paa lake, mahali ambapo rangi haifiki na msasa hauingii, herufi nne kubwa: KOPI.